Mwongozo Kamili: Kugawa Sauti Katika Makala ya Video Kuhusu Mshairi wa Pombe na Purukushani

Kila ninapoletewa makala ya video kuhusu mshairi mlevi, ninaweza kuwataja watakaotokea kabla sijaifungua. Rafiki wa kilabuni atacheka akikumbuka usiku fulani. Mhadhiri atachambua. Mwanamuziki mwenye jina atasema shairi moja lilimwokoa. Halafu, karibu na mwisho, mwanamke atalia.

Vijana wanaoniletea kazi hizi huambiwa na kila mtu waongeze wanawake, waongeze watu wa kawaida. Wanaongeza kweli. Filamu inarudi ikiwa vile vile, kwa sababu kasoro haikuwa idadi ya watu. Kasoro ni mgawo wa kazi: wanaume wamepewa mashairi, wanawake wamepewa maumivu, na waliomhudumia mshairi, waliofanya kazi naye na waliopanga naye nyumba moja wamepewa kupita nyuma ya picha bila jina.

Mfano wangu mkuu ni Charles Bukowski, mshairi wa Los Angeles, Marekani, aliyezaliwa 1920 na kufariki 1994. Nimemchagua kwa sababu wengi wenu mmeitazama makala ya John Dullaghan ya 2003 juu yake na mnauiga mtindo wake, na kwa sababu maisha yake yana kumbukumbu nyingi zilizo wazi. Hatua zenyewe zinafaa kwa mshairi wa Tanga, Kisumu au Bujumbura.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha kamera

Vitabu vyote vya mshairi, nakala zako mwenyewe. Utavichora mistari, utaandika pembeni. Ukitegemea mashairi matano yanayojulikana, utawahoji watu watano wanaojulikana.

Daftari kubwa la mistari, au jedwali la kompyuta. Hapa ndipo ramani ya hatua ya 1 itakaa.

Kadi za rangi nne, hamsini hivi kila rangi. Za nini, tutaona wakati wa kuhariri.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo na kinasa sauti cha akiba. Usilione hili kuwa jambo la ufundi tu. Mtu aliyezoea jukwaa anasikika hata kwa maikrofoni ya simu. Mama wa miaka sabini aliyeuza pombe nyuma ya nyumba yake anaongea chini, anageuka, anajifuta mdomo na kanga. Sauti yake ikitoka mbovu, mhariri ataikata, na utajiambia hakuwa na la kusema.

Fomu za ridhaa katika lugha ya anayehojiwa. Asiyesoma asomewe, na arekodiwe akikubali kwa mdomo. Fomu iwe na sehemu ya kuandika kile ambacho hataki kiulizwe.

Bahasha ya fidia ya siku ya kazi. Mtu maarufu akija kwenye mahojiano hapotezi kitu. Mhudumu wa baa akija amepoteza posho ya siku. Lipa muda alioupoteza, kiwango kimoja kwa wote wasio na mshahara, na mlipe kabla hajaanza kusema ili asidhani analipwa kwa maneno fulani.

Mtu wa pili wa kuhoji. Kama wewe ni mwanaume, awe mwanamke, na awe amesoma mashairi kama wewe. Asiwe wa kushika taa.

Kibali cha mashairi. Tanzania na Kenya, hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mshairi aliyekufa juzi ana warithi, na warithi nao wana upande wao katika hadithi. Lijue hilo mapema.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya maisha yake

Gawanya ukurasa safu nne: mwaka, mahali, alikuwa anafanya nini, na nani alikuwepo. Safu ya nne ndiyo kazi. Usiandike "marafiki". Andika jina na kazi ya mtu huyo.

Kwa Bukowski, mistari ya mwanzo ni mepesi: Andernach, Ujerumani, 1920, Marekani 1923, Los Angeles 1930. Ukifika miaka ya 1960 ukurasa unaanza kusema mambo ambayo makala nyingi huyaruka.

Chukua 1963. Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka New Orleans, kwa Loujon Press, kampuni ndogo ya uchapishaji ya mume na mke, Jon na Louise Webb. Louise, aliyeitwa Gypsy Lou, hakuwa mwenye nyumba anayechemsha chai wakati wanaume wanaongea fasihi. Mikono yake ilikuwa ndani ya kazi ile ya kuchapa na kufunga vitabu, ukurasa kwa ukurasa. Aliishi mpaka 2020, akiwa na miaka 104. Mtu aliyevigusa vitabu vile kabla ya msomaji yeyote alikuwa hai kwa miongo yote ambayo watu walikuwa wakitafuta nyota wa kumsifu Bukowski.

Chukua 1964, Los Angeles. Binti yake Marina anazaliwa. Mama wa mtoto, Frances Smith, alikuwa mshairi, akiandika kwa jina la FrancEyE, na aliendelea kuandika hadi uzeeni. Kwenye daftari lako usimwandike "mama wa binti". Andika "mshairi".

Halafu posta. Bukowski alipanga barua miaka na miaka, hadi mchapishaji John Martin wa Black Sparrow Press alipomwahidi dola 100 kila mwezi aache kazi na aandike. Riwaya yake ya posta ilitoka 1971. Kila makala husimulia dola 100, kwa sababu ni hadithi nzuri ya mwanaume mmoja kumwokoa mwingine. Lakini nani alikaa kiti cha jirani usiku ule wa kupanga barua? Posta ya jiji kama lile iliajiri watu Weusi, wanawake, wahamiaji. Riwaya yenyewe inawataja, mara nyingi bila heshima. Wao walimwonaje? Mtu aliyefanya kazi ile ile, kwa mshahara ule ule, akaenda nyumbani kulea watoto badala ya kunywa, anajua kitu kuhusu mashairi yale ambacho mhadhiri hakijui.

*Tahadhari:* usianze kupiga simu ukiwa na mistari mitupu. Ukipiga simu mapema, wa kwanza kupokea ni wale wenye kawaida ya kuhojiwa, nao watakupa majina ya wenzao, na filamu itakuwa imejifunga bila wewe kuamua.

Ramani imekamilika pale ambapo kila kipindi cha maisha kina angalau mtu mmoja asiye maarufu na mmoja ambaye hakuwa rafiki wa mshairi.

## Hatua ya 2: Pima kila jina kwa alichokishuhudia

Mbele ya kila jina weka herufi. S kwa shahidi, aliyekuwepo. K kwa aliyefanya naye kazi: mchapishaji, mhariri, mtafsiri, mpiga chapa. M kwa msomaji, aliyeguswa na maandishi tu. Mtu anaweza kuwa na herufi mbili.

Fanya hivi kwa makala ya 2003. Imewaita wanamuziki Bono na Tom Waits, na waigizaji Harry Dean Stanton na Sean Penn. Penn alimfahamu Bukowski katika miaka yake ya mwisho, hivyo ana haki ya S kwa miaka hiyo. Lakini Penn alizaliwa 1960. Hawezi kukwambia chochote cha nyumba ya De Longpre Avenue mwaka 1965. Ukimwacha azungumzie "Bukowski alivyokuwa" kwa jumla, umempa mtu wa M kiti cha S, na aliyekuwepo kweli amesimama mlangoni.

Sisemi uwafukuze wenye majina. Wanaleta watazamaji, na bila watazamaji hakuna filamu. Ninachosema ni kwamba umaarufu haumfanyi mtu kuwa shahidi. Mpe mwenye jina swali la msomaji: shairi gani, mstari gani, kwa nini.

Kisha tafuta M wa aina nyingine: mshairi wa jiji lile lile ambaye hakuishi kama yeye. Kwa Los Angeles ya Bukowski jina lipo wazi: Wanda Coleman, mwanamke Mweusi aliyezaliwa Watts, mtaa wa jiji hilo, 1946, aliyefariki 2013, aliyeandika juu ya umaskini wa jiji lile, na aliyechapishwa na Black Sparrow Press hiyo hiyo. Mchapishaji mmoja, jiji moja, kodi ya nyumba inayowasumbua wote wawili. Mtu kama huyu ni lulu kwa filamu. Anaweza kueleza ufundi kwa mamlaka kamili, na anaweza pia kueleza kwa nini ulevi wa mwanaume mweupe uliitwa ujasiri wakati wa wengine ungeitwa tabia mbaya. Hukumwita ili asamehe wala ashtaki. Umemwita apime.

Kwa mshairi wa kwetu fanya vivyo hivyo. Kama yeye alikuwa mtu wa baa, nani aliyekuwa akitunga mtaa ule ule bila kunywa? Nani wa umri wake alitunga kwa ajili ya harusi na unyago, akaitwa "mwimbaji" tu?

## Hatua ya 3: Uliza kila mtu maswali yale yale mawili

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Swali la kwanza: *Chagua shairi lake moja, lisome, uniambie linafanyaje kazi na linakosea wapi.*

Swali la pili: *Uliwahi kumwogopa, au kumwona akimwumiza mtu? Ulifanya nini?*

Kila mtu aulizwe yote mawili. Mchapishaji aulizwe kama alimwona akimtukana mke. Aliyekuwa mke aulizwe kuhusu mizani na vina. Usibadilishe mpangilio kwa sababu ya aibu.

Sababu ni hii. Tunapowauliza wanaume mashairi peke yake, tunawapa nafasi ya kupenda bila kujibu. Tunapowauliza wanawake maumivu peke yake, tunawafanya ushahidi wa kesi ambayo wengine ndio mahakimu. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba fasihi ni mali ya wale na majeraha ni mali ya hawa.

Tazama wanawake wa Bukowski walivyo hasa. Barbara Frye, mke wake wa kwanza, alikuwa mhariri wa jarida la mashairi na alikuwa akimchapisha kabla hajamwona uso. Linda King alikuwa mshairi, na zaidi ya hapo mchongaji, aliyefinyanga kichwa cha Bukowski kwa mikono yake. Waza swali ambalo ungemuuliza mtu aliyekaa masaa mbele ya uso ule wenye makovu ya chunusi akiufinyanga: ulikuwa unaona nini pale, ambacho yeye hakukiandika? Badala yake, wanaotengeneza filamu humuuliza walivyogombana.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Katika makala yangu ya kwanza nilikaa saa mbili na mjane wa mshairi wa mtaani kwetu. Nilimuuliza kuhusu usiku mumewe aliporudi bila viatu, kuhusu pesa za ada zilizonyweka, kuhusu mkono uliovunjika. Alijibu yote kwa utulivu. Nilipokuwa nafunga nyaya akauliza, "Sasa mwanangu, ile tenzi fupi ya mvua huitaki?" Akaighani yote, beti kwa beti, bila karatasi. Ndipo nikajua kwamba mume hakuwa na tabia ya kuandika. Alikuwa akitunga usiku, na mke ndiye aliyekuwa anayashika mashairi kichwani na kuyaandika asubuhi. Kamera ilikuwa ndani ya begi. Betri ilikuwa imekwisha. Nilirudi baada ya miezi miwili, alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi haukutamka tena vizuri.

Kwa hiyo anza na shairi. Maumivu yafuate, kama mwenyewe ameridhia. Mtu aliyeanza mazungumzo kama mjuzi huyasimulia hata maumivu yake kama mjuzi.

Maandishi ya jina chini ya picha ni sehemu ya hatua hii. Andika "mchongaji na mshairi", si "mpenzi wa zamani". Andika "mmiliki wa baa tangu 1988", si "mkazi". Kama ni lazima kutaja uhusiano, msimulizi autaje mara moja, kwa wanaume na wanawake sawa. Hakuna anayeandika "rafiki wa ulevi" chini ya jina la profesa.

Hatua imefaulu kama unaweza kuzima picha, ukasikiliza sauti tupu, na usiweze kubashiri jinsia ya msemaji kutokana na mada anayoiongelea.

## Hatua ya 4: Shughulikia ukatili bila kuufanya burudani

Miaka ya 1980 mwongozaji wa filamu Barbet Schroeder alimrekodi Bukowski kwa masaa mengi. Kuna kipande ambacho Bukowski, amelewa, amekaa kwenye kochi na Linda Lee, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Anamtukana, kisha anampiga mateke. Kamera inaendelea. Makala ya 2003 ilikitumia kipande hicho, na ninaiheshimu kwa kutokificha. Anayeficha anadanganya.

Lakini wanaoiga wamejifunza somo baya. Wanatafuta "kipande cha mateke" cha mshairi wao kama vile ni kiungo cha lazima kwenye pilau. Masharti yangu ni manne, na siyalegezi:

Aliyeumizwa, kama yu hai, aone kipande kabla ya mtu mwingine yeyote, na neno lake la kukataa liheshimiwe. Kipande kisiwekewe muziki. Kisiingie kwenye tangazo la filamu. Na mara baada yake asije mtu wa kukieleza kwa niaba ya mkosaji ("ndivyo alivyokuwa akilewa"); aje aliyeumizwa, au kimya.

Wakati wa kumhoji aliyeumizwa, usifanyie kwenye nyumba ya familia ya mshairi. Ndugu wa marehemu wakiwa chumba cha pili, utapata majibu ya chumba cha pili. Mwambie aje na mtu wake. Mwambie kabla ya kuanza kwamba anaweza kusema "hapo pita". Akisema hivyo, pita kweli, usirudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna tahadhari ya kisheria pia. Tuhuma dhidi ya mtu aliye hai, mtu wa tatu aliyetajwa katika simulizi, inaweza kukufikisha mahakamani. Ondoa jina lake au pata uthibitisho wa pili.

Na usisahau kundi jingine la walioumizwa, ambalo karibu hakuna anayelikumbuka: watoto, na wafanyakazi wa baa. Mhudumu aliyesafisha matapishi na kurushiwa chupa miaka kumi ana maoni kamili kuhusu "maisha ya msanii huru".

## Hatua ya 5: Anayeelezwa na mshairi peke yake

Kila mshairi wa aina hii ana mtu mmoja aliyekufa mapema ambaye tunamjua kupitia mashairi tu. Kwa Bukowski ni Jane Cooney Baker. Alimzidi umri kwa miaka kumi hivi, walikunywa pamoja, alifariki Januari 1962, na Bukowski akamwombolezea katika mashairi ambayo mimi nayaona kuwa miongoni mwa bora alizowahi kuandika. Baadaye wanawake kadhaa wa kubuni katika riwaya na filamu wamevaa sura yake. Sauti yake mwenyewe hatuna.

Hapa wanafunzi wangu hukimbilia mwigizaji: mwanamke amevaa gauni jekundu, ameshika glasi, amegeukia dirisha. Acha. Umeongeza ubunifu wako juu ya ubunifu wa mshairi na kuuita maisha ya mtu.

Fanya hivi badala yake. Tafuta karatasi zake mwenyewe: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo. Jane alikuwa na maisha na ndoa kabla ya Bukowski. Karatasi husema mambo ambayo shairi haliyajali. Onyesha mahali alipoishi palivyo leo, kwa picha iliyotulia, na msimulizi aseme yanayojulikana kwa sentensi fupi. Kisha soma shairi, na useme wazi kwamba hayo ni maneno ya mshairi juu yake.

Sentensi moja itakusaidia: "Tulichonacho kuhusu Jane kimeandikwa na mtu aliyempenda na aliyekunywa naye." Mtazamaji ataelewa mengine yote.

## Hatua ya 6: Mhoji pia anayetunza makaratasi

Hakuna kumbukumbu isiyo na mlinzi, na mlinzi anachagua. Miswada ya Bukowski ilipelekwa maktaba ya Huntington Library, San Marino, California, mwaka 2006, na Linda Lee. Yule aliyepigwa mateke kwenye kochi ndiye aliyehakikisha karatasi zimehifadhiwa. Sentensi hiyo pekee ingetosha kuugeuza mpangilio wa makala nzima, na bado sijamwona mwanafunzi akiitumia.

Kwetu Afrika mfano ulio bora ni Dambudzo Marechera, mwandishi wa Zimbabwe: New College ya Chuo Kikuu cha Oxford ilimfukuza 1976, kitabu chake cha kwanza kikatoka 1978, akalala kwenye mabenchi ya Harare, akafariki Agosti 1987 akiwa na miaka 35. Mwaka 1982 alirudi nyumbani kutoka London kwa ajili ya filamu iliyokuwa inatengenezwa juu ya kitabu chake, akagombana na mwongozaji. Mashairi yake mengi tuliyo nayo yalikusanywa na kuchapishwa baada ya kifo chake na Flora Veit-Wild, msomi Mjerumani. Kwa miaka mingi alijulikana kama mtafiti wake. Baadaye aliandika mwenyewe, waziwazi, kwamba walikuwa wapenzi.

Hilo haliondoi thamani ya kazi yake. Bila yeye tungekuwa maskini. Lakini mtengeneza filamu aliyemwita kama mtaalamu tu angekosa nusu ya ukweli, na aliyemwita kama mpenzi tu angekosa nusu nyingine. Kwa hiyo kila mtunza nyaraka mpe herufi zote zinazomstahili kwenye daftari, na umuulize: ulipata vipi karatasi hizi, kipi hukukichapisha, na kwa nini?

Linganisha pia toleo la shairi kabla ya kulisomesha mbele ya kamera. Mashairi ya Bukowski yaliyotolewa baada ya kifo chake yamelalamikiwa na waliolinganisha na miswada kwamba yamebadilishwa. Usimpe mtu alie kwa mstari ambao mshairi hakuuandika.

## Hatua ya 7: Amua nani anatafsiriwa

Kagua maandishi ya tafsiri chini ya picha. Katika makala zetu nyingi, mhadhiri anaongea Kiingereza bila tafsiri na mama wa kijijini anawekewa tafsiri hata akiongea Kiswahili safi chenye lafudhi. Ujumbe unaopita ni kwamba yule anaeleweka na huyu hapana. Wawekee wote, au usimwekee yeyote.

Kama mshairi alitunga kwa Kimvita au Kiamu, usimtafute msomaji wa redio wa Kiswahili sanifu. Tafuta wa Mombasa au Lamu. Kama aliongea Kijaluo nyumbani, dada yake aongee Kijaluo.

Mtafsiri wa vitabu naye ni shahidi aliyesahaulika. Carl Weissner alimtafsiri Bukowski kwa Kijerumani na kuwa wakala wake huko. Mwaka 1978, Bukowski aliposoma mashairi Hamburg, ukumbi ulijaa. Aliyekaa na kila sentensi mpaka ikakubali kuvuka lugha anajua ilipo na nguvu na ilipo na uvivu.

## Hatua ya 8: Kadi mezani, kabla ya kukata

Sasa zile kadi. Andika kila kipande cha mahojiano unachotaka kukitumia kwenye kadi yake, pamoja na sekunde zake.

Kijani: anaeleza mashairi.
Njano: anasimulia tukio alilolishuhudia.
Nyekundu: anasimulia kuumizwa.
Nyeupe: anamsifu au anamhukumu tu.

Zipange ukutani kwa majina, kila mtu safu yake. Rudi nyuma hatua tano. Kama safu za wanaume ni kijani na nyeupe, na za wanawake ni nyekundu tupu, filamu yako ni ile ile niliyoibashiri mwanzoni. Rudi kwenye picha ghafi. Mara nyingi kijani cha wanawake kipo, kilikatwa kwa sababu "kinapunguza kasi".

Jumlisha sekunde. Usitafute usawa wa kupimwa kwa rula. Maisha ya mshairi hayakuwa sawa. Tafuta mapengo unayoweza kuyaeleza. "Wafanyakazi wenzake wana dakika mbili kwa sababu nimempata mmoja tu aliye hai" ni maelezo. "Sikuwatafuta" si maelezo.

Angalia pia nani anafungua na nani anafunga. Anayefungua humfundisha mtazamaji namna ya kumtazama mshairi. Jaribu kufungua na kadi ya kijani ya mtu ambaye mtazamaji hakumtegemea: mpiga chapa, karani wa posta, mjane anayeghani. Kila aliyejaribu hivi mbele yangu amelazimika kuipanga upya dakika kumi zilizofuata, na zimekuwa bora.

Tupa nyeupe nyingi kadiri moyo unavyoruhusu. Sifa hazina mwisho na hazisemi kitu.

## Hatua ya 9: Onyesho la kwanza ni la waliohojiwa

Kabla ya tamasha, kabla ya mtandao, waonyeshe waliomo. Usiwakusanye wote siku moja. Aliyeumizwa atazame peke yake au na mtu wake, mapema zaidi. Familia ya mshairi siku nyingine. Wazee wapelekee nyumbani kwenye kompyuta, na uwe umechaji.

Uliza maswali matatu: kuna jambo la uongo? Kuna jambo linalokuhatarisha? Jina na kazi yako vimeandikwa sawa? Usiulize "umeipenda?", swali hilo linaomba adabu, na watu wetu wana adabu nyingi.

Utapata malalamiko. Ndugu watasema umemchafua marehemu. Rafiki wa kilabuni atasema umempunguza. Rekebisha uongo, ondoa hatari, sahihisha majina. Yaliyobaki ni ya kwako kuyatetea, na utayatetea ukiwa na daftari la hatua ya 1 mkononi.

Acha nakala kwa kila aliyehojiwa, kwenye simu yake au kwenye kadi ya kumbukumbu kama hana intaneti. Mwandikie pembeni dakika anayotokea. Mhudumu mmoja wa baa niliyempelekea nakala aliitazama dakika yake mara nne, kisha akaita watoto waje wasome maandishi chini ya picha: jina lake kamili, na baada ya jina, kazi yake na miaka aliyoifanya.